Mahari ya Ruzuku

Ukifika Kawempe ukaulizia nyumba ya Sumayiya mwenye mbuzi, watu watakuuliza: Sumayiya wa mahali, au Sumayiya wa mahari? Usibabaike. Ni mmoja huyo huyo, na anakaa uani kwangu. Wanaokuuliza hivyo wanakutania tu. Kama una haraka, waambie umetumwa na Afande Anena, watanyooka wenyewe.

Afande ni mimi. Polisi nimestaafu, lakini jina limekataa kustaafu. Mimi ni Mwacholi, na Kiswahili changu ni cha kambini, cha amri na matusi kidogo. Zamani hata "shamba" nilikuwa nasema "samba", na waliotaka kucheka walicheka mpaka wakachoka. Kwa hiyo mambo ya ulimi wa watu siyasemi kwa dharau. Nayasema kwa sababu ulimi mmoja nusura ututie hasara kubwa.

Sumayiya ni Mnubi wa Kansanga, mtoto wa pekee wa Mzee Muhamadi, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Juba. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na bibi yake, marehemu Kaltumi, aliyekuwa na mbuzi nyuma ya nyumba. Mtoto alijua kukamua kabla hajajua kujisuka nywele. Alipokua akapata kazi kwenye duka la vyakula vya mifugo barabara ya Ggaba, akawa anarudi nyumbani ananuka dagaa wa kuku, wale tunaowaita mukene. Wasichana wenzake wakamwita Sumayiya Mukene. Hakujali. Wenzake walikuwa wanahangaikia pasipoti za kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, yeye anazungumzia mbuzi.

"Mama, mimi Dubai siitaki," aliniambia siku moja. "Nataka mbuzi wangu mwenyewe. Nimkamue, niuze maziwa, hela iingie mkononi mwangu. Duka la mtu nimelifagia vya kutosha."

Nilimjua kwa sababu ya Swaib, mpangaji wangu. Swaib naye ni Mnubi, ana pikapu ya kubeba matoke soko la Kalerwe. Sumayiya alikuja sokoni kumnunulia mteja wa dukani kwao maganda ya ndizi ya kulisha ng'ombe, Swaib akambebea. Kuanzia siku hiyo nikawa naona pikapu ile inapeleka maganda Kansanga hata pasipo na ng'ombe. Nikamwuliza, "Wewe, Kansanga kuna nini?" Akaona haya kama si yeye anayegombana na makuli kila asubuhi.

Walipendana, na ndoa wakaitaka. Mzee Muhamadi hakukataa, ila alisema neno moja: mtu aje na mahari ya maana, si vikaratasi vya noti vilivyokunjwa kwenye bahasha. Maana ya "maana" hakuifafanua. Swaib akawa anakonda. Kila alichofikiria alikiona kidogo.

Ndipo ukaja mradi wa mbuzi wa ruzuku. Serikali inalipa sehemu kubwa ya bei, mkulima anaongezea kidogo, anapewa mbuzi wanne wa maziwa, majike watatu na dume mmoja. Sumayiya ndiye aliyesikia kwanza, kule dukani. Kansanga mradi ulikuwa haujafika, ulianza na watu wa Kawempe, basi akamsukuma Swaib ajiandikishe. Mpango wao ulikuwa mzuri tu: mbuzi wakae kwangu, wazae, Swaib avute pumzi, mahari ipatikane polepole, halafu Sumayiya aje awashike mbuzi mwenyewe. Mimi nikatoa uwanja wangu wa nyuma. Banda nikalijenga na Swaib, mbao na mabati, sakafu imeinuliwa ili mkojo upite chini. Nilijigonga kidole gumba, kucha ikang'oka, lakini banda lilisimama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kichekesho kinapoanza.

Siku ya kugawa mbuzi tulikusanyika uwanjani. Watu wa kila namna: Wanubi, Waacholi wa kambini, Wakongomani, Waganda. Kwa hiyo afisa wa kilimo akasema atatumia Kiswahili, tuelewane wote. Afisa huyo anaitwa Kyeswa, Muganda, kijana mpole, viatu vyake vina matope ya kweli ya kutembelea wakulima. Tatizo lake ni lile la ndugu zake wengi: herufi "l" na "r" kwake zinahama.

"Habali zenu, wakulima wa kirimo bola!"

"Nzuriii!"

"Kwanza tuchague mwenyekiti. Tupige kula!"

Mkongomani mmoja nyuma akauliza chakula kiko wapi, watu wakaangua kicheko. Swaib alikuwa kando yangu, na ana tabia moja: Muganda akizungumza Kiswahili, yeye ananong'ona kusahihisha, kama mkalimani wa mahakamani. "Kura, mama. Anasema kura." Afisa akasema "balabala", Swaib akanong'ona "barabara". Afisa akasema "luzuku", Swaib "ruzuku". Mimi nikamwambia nyamaza, nimekaa na Waganda kabla hujazaliwa.

Halafu Kyeswa akatoa masharti. Akasema mbuzi hawa ni mali ya nyumba, ya bwana na bibi, si ya mmoja kumnyima mwenzake. Hawauzwi, hawachinjwi. Mtoto wa kwanza wa kike atakayezaliwa, apewe jirani, ili mradi usambae. Akamalizia kwa sauti:

"Vijana, mbuzi hawa ni wa kuwatuliza, muoe, mjenge! Lakini kila mtu awe na mahali. Mahali moja ya maana! Nikija kukagua, nikute mahali tayali. Asiye na mahali, namnyang'anya mbuzi!"

Mimi nikatikisa kichwa kwa furaha. Mahali tunapo, banda letu linang'aa. Nikamtazama Swaib, nikaona hanong'oni tena. Kinywa kiko wazi, macho yamejaa machozi. Nikadhani ni furaha ya mbuzi, nikampigapiga mgongoni.

Kesho yake asubuhi nikaenda uani na ndoo ya maganda. Banda tupu! Kamba hakuna, mbuzi hakuna, pikapu hakuna. Nikafikiri wezi, nikavaa hata kofia yangu ya kazi. Kabla sijatoka, simu ikalia.

"Mama Afande!" Ni Swaib, anapiga kelele kama amechaguliwa mbunge. "Nimefikisha mahari! Mzee amekubali! Amewapenda mbuzi mpaka amewashika masikio!"

"Mahari gani? Mbuzi wa serikali unawatoa mahari?"

"Serikali yenyewe imesema! Si ulisikia? Nikute mahari tayari, mahari moja ya maana. Asiye na mahari ananyang'anywa."

"Swaib! Alisema mahali! Ma-ha-li! Pa kufugia! Banda!"

Akashusha sauti. Halafu, kwa upole wote, akaniambia, "Mama, wewe ni Mwacholi. Labda hukusikia vizuri. Waganda mahari wanaiita mahali."

Loo! Nilichomjibu sitakiandika. Lakini baadaye nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Angalia bahati ya yule kijana Kyeswa: siku nzima ametamka maneno yote kombo, limenyooka moja tu, na hilo moja ndilo Swaib akalisahihisha!

Kicheko hakikudumu. Swaib alipomrudia mzee kumweleza, Mzee Muhamadi alikataa kata kata. Mahari ikishaingia kwake, alisema, haitoki kwenda kutembea. Mbuzi wakiondoka, na mchumba asirudi. Tena alikuwa ameshaamua yule dume atachinjwa siku ya harusi, na amewaalika ndugu zake wote kutoka Bombo. Huku nako Kyeswa akanipigia simu kusema anakuja kukagua Jumanne. Kwa hiyo Swaib akiwarudisha mbuzi, anamkosa Sumayiya. Akiwaacha Kansanga, serikali inawachukua, anakosa mbuzi na Sumayiya pia. Kijana akaacha kula. Nikampikia hata malakwang, mboga yetu ya karanga ambayo huwa anailamba mpaka sahani, akaitazama tu.

Sumayiya akanipigia jioni ya Jumatatu. Nilitegemea kilio. Hakulia.

"Mama, kesho afisa akija usimdanganye," akasema. "Mweleze kila kitu, halafu mlete huku nyumbani. Nitazungumza naye mwenyewe mbele ya baba."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwuliza maswali tu. Mama, wale mbuzi siwaachii. Baba hawapati, na serikali haiwapati."

Kyeswa alikuja, akachungulia banda, akaona sakafu safi isiyo na hata kinyesi kimoja. "Nnyabo, mbuzi wako wapi?" akaniuliza, nnyabo yaani mama kwa Kiganda. Nikamweleza kuanzia kura mpaka mahari. Alikaa juu ya ndoo yangu akacheka, akajifuta macho, akacheka tena. Alipomaliza akasimama, akawa afisa.

"Pole sana, nnyabo. Lakini mbuzi wa Kawempe wako Kansanga, na wamepewa mtu mwingine. Nitawachukua leo. Kuna wengine wanawangoja."

"Wachukue ukiwa umewaona," nikamwambia. "Nibebe."

Akanibeba kwenye pikipiki yake ya kazi, mimi mzee mzima nimevaa helmeti inayonibana masikio, tukakatiza mji mpaka Kansanga.

Mzee Muhamadi tulimkuta uani, amevaa kanzu, mbuzi wake wanne wamefungwa chini ya kamba ya nguo wanatafuna. Swaib amesimama karibu na ukuta kama mshtakiwa. Nilisalimia, tukakaribishwa viti, na hapo hapo vita vikaanza.

"Bwana afisa," mzee akasema, "mimi Kiswahili nimezaliwa nacho. Mahali ni kitu kimoja, mahari ni kingine."

"Ndiyo, mzee. Na mimi nilisema mahali."

"Ndiyo hiyo mahari ninayoisema."

"Hapana, mzee, mahali! Pa kukaa mbuzi!"

"Sasa ungesema mahali!"

"Nimesema mahali!"

Mimi nikaziba mdomo na kitambaa. Swaib akaangalia miguu yake. Sumayiya akatoka jikoni, mikono ina unga, akapiga magoti kidogo kumsalimia mgeni, kisha akasimama katikati yetu. 

"Bwana afisa, ulisema mbuzi ni mali ya nyumba, ya bwana na bibi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mahari, mwanamume anampa mke wake. Mbuzi wakitoka mkono wa bwana wakaingia mkono wa bibi, wametoka nyumbani?"

Kyeswa akakuna kidevu. "Kama bibi anakaa nyumba ile ile, hawajatoka. Lakini wewe, dada yangu, unakaa hapa. Na mbuzi naona ni wa mzee."

Sumayiya akamgeukia baba yake. "Baba, mahari ni ya nani?"

Wallahi, pale uani hata mbuzi waliacha kutafuna. Nilimjua Mzee Muhamadi. Ni mtu wa msikiti, na kila jirani aliyekula mahari ya binti yake alikuwa anamsema hadharani. Akayatazama mabati ya paa, akamtazama mbuzi mmoja mmoja, akashusha pumzi.

"Ya mwanamke," akasema. "Mbele ya Mungu ni ya mwanamke mwenyewe."

"Basi ni wangu. Nifungishe ndoa leo, baba, niondoke nao."

"Leo?" Mzee alishtuka mpaka kofia ikamwanguka. "Bila doluka? Bila ngoma, bila wanawake kuimba? Mtoto wangu wa pekee aolewe kama anakimbia polisi?"

Nilikohoa. Akaniomba radhi.

"Doluka itapigwa, baba. Mwezi ujao, na watu wa Bombo wote waje. Lakini mbuzi wakichukuliwa leo, hawarudi." Machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa mkono wenye unga, uso ukawa mweupe. "Nimeota mbuzi hawa tangu bibi Kaltumi yuko hai. Unajua, baba. Unajua."

Mzee aliokota kofia yake. Alimwendea mmoja, jike mweusi mwenye tumbo la mimba, akamshika sikio. "Mama alikuwa na mweusi kama huyu," akasema, si kwa mtu yeyote. Akampapasa mgongo. Halafu akageuka kwa ukali, maana sisi wazee tukilainika tunaona aibu, akamfokea mkwe wake: "Wewe umesimama unangoja nini? Nenda kamwite sheikh! Au na hilo utalisikia vingine?"

Swaib alipita getini bila kulifungua vizuri, shati likachanika.

Nyumba ikageuka sherehe. Majirani wakaja mbio, mmoja kaleta gurbaba, lile vazi la heshima la wanawake wa Kinubi, mwingine kaleta mawese ya kupaka ngozi, mwingine kaleta mdomo wake tu. Sumayiya akanawa unga, akavishwa. Kyeswa akapewa pilau, akala, akaongezwa, akasema kazi ya serikali ni ngumu.

Sheikh alikaa mkekani na mashahidi, akasoma, akafika pale pa kuuliza: mahari ni nini? Swaib akasema mbuzi wanne. Sheikh akauliza kama bibi harusi ameshaipokea. Watu wakamtazama Mzee Muhamadi. Yeye akaenda mwenyewe kwenye kamba ya nguo, akawafungua mbuzi wote wanne, akawaleta mpaka mlangoni walipokaa wanawake, akaweka kamba mikononi mwa binti yake.

"Nimepokea," Sumayiya akasema.

Vigelegele vikapasua anga. Mimi nikalia. Sitaki kuficha, nililia kwa sauti, watu wakadhani ni furaha, na furaha ilikuwemo. Lakini nilikuwa nakumbuka ng'ombe wangu. Marehemu mume wangu Oola alipeleka ng'ombe wazuri kwa baba yangu huko Kitgum, na kwetu hivyo ndivyo ilivyo, ng'ombe wa msichana, kaka yake huwatumia kuoa. Kaka yangu Ocira aliwatoa wote kwa wakwe zake msimu ule ule. Sikuwahi kushika kamba ya hata mmoja. Sikuwahi kunywa hata kikombe cha maziwa yao. Sikuwa na kinyongo, ila siku ile sikuweza kuacha kuitazama kamba ile mkononi mwa mtoto yule.

Tulirudi Kawempe kwa pikapu ya Swaib, jua bado lipo. Bibi harusi mbele na gurbaba yake, mbuzi nyuma, mimi nyuma pamoja na mbuzi kwa sababu nilikataa helmeti. Kyeswa akatufuata. Mbuzi walipoingia bandani akawakagua meno, kwato, sakafu, maji. Akatabasamu. "Sasa wako mahali."

Swaib akanong'ona, "Mahari." Nikampiga kofi la shingo, harusi au si harusi.

Doluka ilipigwa mwezi uliofuata, na yule dume hakuchinjwa, alichinjwa wa kununua. Sumayiya aliacha kazi ya dukani. Maziwa anawauzia kina mama wenye watoto ambao ya ng'ombe yanawasumbua, na mkahawa mmoja wa Wasomali kule Mengo unachukua yanayobaki. Wateja wanamlipa kwenye simu yake, siyo ya Swaib, na Swaib anayo furaha yake ya kuchota maganda Kalerwe. Sumayiya amenunua friji ndogo. Kila Ijumaa anampelekea baba yake chupa ya maziwa. Mzee alikuwa anasema maziwa ya mbuzi ni ya watoto. Siku hizi chupa ikichelewa anapiga simu kuuliza kama barabara imefungwa.

Yule mweusi alizaa mapacha, dume na jike. Walipoacha kunyonya, nilikuwa barazani nachambua mtama, Sumayiya akaja akimvuta yule jike mdogo kwa kamba mpya. Akapiga magoti.

"Mama, wa kwanza wa kike anapewa jirani. Mimi na Swaib tumemchagua jirani. Huyu ni wako."

"Wangu mimi? Mbuzi wa mzee kama mimi wa nini?"

"Wa mahali, mama. Bila mahali pako tungekuwa wapi?"

Kutoka ndani Swaib akapiga kelele, "Mahari, mama! Amesema mahari!"

Nilitaka kumtukana. Mdomo ukafunguka, matusi hayakuja. Nikanyoosha mkono, Sumayiya akanipa kamba, na mimi nikaishika.

"Nimepokea," nikasema.